Zhou Enlai na Msingi wa Viwanda vya China

Mvua za kwanza zinapolainisha udongo wa bonde la Mto Momba, mkulima wa Kamsamba huingia shambani kuandaa majaruba ya mpunga akiwa na jembe lililofuliwa China. Bomba la kunyunyizia dawa alilolibeba mgongoni limetoka China, na pikipiki itakayobeba magunia yake wakati wa mavuno imetoka huko huko. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawana haja ya kusafiri hadi huku Songwe ili walithibitishe jambo hili. Wakiingia katika duka lolote la Darajani au la Chake Chake wataziona ndoo, taa, feni na nyavu zenye chapa hiyo hiyo.

Nchi hiyo ndiyo ambayo mwaka 1949 ilifua tani 158,000 tu za chuma cha pua. Chuma hicho kingaligawanywa sawasawa kwa watu wake, ambao wakati ule walikuwa wapata milioni 540, kila mmoja angalipata chini ya theluthi moja ya kilo, kiasi kisichotosha jembe moja. Kuanzia mwaka 2020 hadi 2024 nchi ile ile ilifua zaidi ya tani bilioni moja kila mwaka, yaani zaidi ya nusu ya chuma cha pua cha dunia nzima.

Katika vikao vyetu vya watendaji sababu za maendeleo hayo hutajwa kwa wepesi. Yupo asemaye ni wingi wa watu, yupo asemaye ni ujira mdogo wa wafanyakazi, na wengi husema ni mageuzi ya mwaka 1978 yaliyofungua milango kwa biashara na mitaji ya nje. Sababu hizo zote zina ukweli ndani yake, lakini hazitoshi. Ujira mdogo umejaa tele katika bara letu la Afrika wala haukutuletea viwanda, na milango tuliifungua sisi pia, na kilichoingia kwa wingi kilikuwa ni mitumba. Ni dhahiri kwamba mageuzi yale yaliikuta China ikiwa tayari na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Ili kukijua kitu hicho, safu hii leo inasimulia maisha ya mtu aliyeiongoza serikali ya China kwa zaidi ya robo karne, Waziri Mkuu Zhou Enlai, ambaye magazeti yetu ya zamani yalizoea kumwandika Chou En-lai. Tutayataja mema yake, na makosa yake hatutayaficha.

Alizaliwa tarehe 5 Machi 1898 katika mji wa Huai'an, jimbo la Jiangsu, katika ukoo wa maofisa wa kifalme uliokuwa umefilisika. Akiwa mtoto mchanga alitolewa kwa mjane wa baba yake mdogo ili amlee, na mama huyo ndiye aliyemfundisha kusoma. Kabla hajafikisha miaka kumi na mmoja, mama mzazi na mama mlezi wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki, na kijana akabaki na madeni ya ukoo na wadogo zake. Ami yake akamchukua Shenyang, kaskazini, na kutoka huko akaingia shule ya Nankai mjini Tianjin, ambako alisoma kuanzia 1913 hadi 1917. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupelekwa shule ya serikali tunaifahamu hali yake: kijana aliyelelewa kwa vitabu vya kale vya wazee wake, kisha akakutana na hesabu na sayansi za zama mpya, akalazimika kubeba mizigo yote miwili kichwani. (Jina la China lenyewe wengi wetu tulilisikia kwanza huko huko chuoni, walimu wakilitaja kuwa mfano wa nchi ya mbali ambayo hata huko elimu ifuatwe, ingawa wanavyuoni wana maneno yao juu ya usahihi wa habari ile.)

Alikwenda Japani mwaka 1917. Huko aliiona nchi ya Asia iliyojijengea viwanda kwa muda wa nusu karne, na ambayo viwanda hivyo viliiwezesha kuinyanyasa China. Mwaka 1919 alirudi na kujitumbukiza katika harakati za wanafunzi, akafungwa jela kwa miezi kadhaa mwaka 1920, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli kwenda Ufaransa. Wanafunzi wengi wa Kichina waliokwenda Ulaya siku zile walisoma huku wakifanya kazi viwandani. Mmoja wao, kijana mdogo kwa Zhou aliyeitwa Deng Xiaoping, alifanya kazi katika viwanda vya chuma, vya mpira na vya magari. Zhou mwenyewe alikuwa zaidi mwandishi wa habari na mwunganishi wa watu. Aliandika makala kwa gazeti la nyumbani juu ya migomo ya wachimba makaa wa Uingereza na juu ya taabu za Ulaya baada ya vita. Kwa hiyo viongozi hawa wawili waliijua harufu ya kiwanda kabla ya kushika madaraka, na jambo hilo si dogo.

Miaka iliyofuata imekwisha kuelezwa katika vitabu vingi, nasi tutaipita haraka. Mwaka 1924 alirejea na kufundisha siasa katika chuo cha kijeshi cha Huangpu. Mwaka 1925 alimwoa Deng Yingchao, mwanamapinduzi mwenzake, na hawakujaaliwa mtoto. Mwaka 1927 aliponea chupuchupu katika mauaji ya Shanghai, na tarehe 1 Agosti mwaka ule ule alikuwa miongoni mwa walioongoza maasi ya Nanchang. Alitembea katika Safari Ndefu ya 1934 na 1935, na katika kikao cha Zunyi akakubali makosa yake ya uongozi wa vita na kumwunga mkono Mao Zedong. Kuanzia hapo hakuwahi tena kushindana na Mao, jambo lililomweka hai katika siasa, na pia lililomfunga mikono pale ambapo angalipaswa kusema.

Tarehe 1 Oktoba 1949 Jamhuri ya Watu wa China ilitangazwa, na Zhou akawa Waziri Mkuu, kazi aliyoishika mpaka siku ya kufa kwake.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Serikali mpya ilirithi nchi iliyopigana vita kwa miaka mingi, ambayo wanne kati ya kila watu wake watano hawakujua kusoma. Kabla ya yote iligawa ardhi ya makabaila kwa wakulima, kazi iliyokamilika sehemu nyingi kufikia 1952 na iliyofuatana na umwagaji damu. Kisha ukaja Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, 1953 hadi 1957. Zhou na mwenzake Chen Yun walikwenda Moscow mwaka 1952 kuomba msaada wa mpango huo, na kiini chake kikawa miradi 156 iliyojengwa kwa mitambo na wataalamu wa Urusi ya Kisovieti. Msomaji na aitazame orodha ya miradi hiyo kwa jicho la mpangaji. Humo mlikuwa na vituo vya umeme, migodi ya makaa, upanuzi wa viwanda vya chuma vya Anshan, kiwanda cha malori cha Changchun, na zaidi ya yote viwanda vya kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Bidhaa za anasa hazikuwamo.

Tofauti yake na sisi ni hiyo. Nchi zetu zilipopata uhuru zilianza na kiwanda cha bia, cha sigara, cha nguo na cha biskuti, viwanda vinavyohitajika na vinavyoleta faida upesi, lakini ambavyo kila kipuri chake, kila rangi yake na kila msumari wake huagizwa kutoka ng'ambo. Tanzania ilikuja kulitambua jambo hilo, na kuanzia 1975 ikaweka mkakati wa viwanda vya msingi. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kukosekana kwa fedha za kigeni vilitukuta katikati ya njia. Kiwanda kinachotegemea kipuri cha Ulaya husimama siku fedha za kigeni zinapokwisha. Kiwanda chenye karakana inayoweza kukichonga kipuri hicho huchechemea, lakini huendelea.

Jambo la pili alilolishikilia Zhou ni watu wenye ujuzi. Januari 1956 aliwasilisha mbele ya chama chake taarifa ndefu juu ya wasomi, akitaka wahandisi, madaktari na walimu waaminiwe, wapewe vifaa, nyumba na muda wa kufanya kazi yao badala ya kujaziwa mikutano. Makada wengi walinung'unika. Sisi makada huwa tuna ugonjwa huo popote duniani, wa kudhani kwamba anayejua zaidi yetu anatudharau.

Sasa tufike kwenye kosa. Mwaka 1956 Zhou na Chen Yun waliyapunguza malengo ya uzalishaji, wakiona kwamba nchi inakimbizwa kuliko pumzi zake. Mao alikasirika, na mwanzoni mwa 1958 Zhou alilazimishwa kujikosoa mbele ya wenzake. Akataka kujiuzulu, akakataliwa, naye akanyamaza. Ndipo likaja lile lililoitwa Ruko Kubwa la Mbele. Nchi iliamriwa kuongeza chuma cha pua mara mbili kwa mwaka mmoja, kutoka tani milioni 5.35 hadi milioni 10.7. Mamilioni ya wakulima wakatolewa mashambani wakajenge matanuri ya udongo nyuma ya nyumba zao, na masufuria na vitasa vya milango vikayeyushwa. Sehemu kubwa ya chuma kilichotoka haikufaa kitu.

Wazee wa huku kwetu wanaweza kulielewa jambo hilo kuliko wachumi. Wahunzi wa Ufipa na wa Unyiha waliyeyusha chuma karne nyingi katika matanuri ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu, na majembe yao yaliuzwa nchi za mbali mpaka majembe ya meli yalipowashinda mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini wale walikuwa ni wahunzi. Walijua udongo upi, mawe yapi na kuni za mti gani, na mwana alijifunza kwa baba miaka mingi kabla hajaruhusiwa kuwasha moto. Tanuri lililojengwa kwa amri ya katibu na kuwashwa na mtu aliyeshika kazi hiyo jana haliwezi kutoa jembe.

Baya zaidi kuliko chuma lilikuwa ni hesabu. Kila wilaya iliona haya kuripoti mavuno madogo kuliko ya jirani, kwa hiyo mavuno yakakua kwenye karatasi. Serikali kuu ikachukua nafaka kwa mujibu wa karatasi hizo, na nyingine ikaendelea kuuzwa nje, huku mkulima akibaki na maghala matupu. Njaa iliyofuata, 1959 hadi 1961, iliua watu ambao watafiti huwakadiria kuanzia milioni 15 hadi zaidi ya milioni 30. Hakuna kiwanda kinachoweza kuhalalisha vifo hivyo, na Zhou, aliyekuwa mkuu wa serikali, ana sehemu yake ya lawama. Aliyajua malengo kuwa si ya kweli, na baada ya kukemewa aliyatekeleza.

Ndugu zangu watendaji mtaniwia radhi nikisimama hapa kidogo. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa katika kikao ambamo ekari zilizolimwa ziliongezwa kwa kalamu ili taarifa ipendeze kabla ya kupelekwa juu, nami sikunyanyua mkono. Hakufa mtu. Lakini mbegu na pembejeo za msimu uliofuata zilikuja kwa hesabu ya ekari za kwenye karatasi, nyingine zikapungua pale zilipotakiwa na nyingine zikaozea ghalani.

Mei 1961 Zhou alikwenda mwenyewe katika jumuiya ya Boyan, wilaya ya Wu'an, jimbo la Hebei, akakaa na wanakijiji siku kadhaa. Mwanzoni kila aliyeulizwa alisema mambo ni mazuri. Mkulima mmoja tu ndiye aliyemweleza bila kupepesa macho kwamba majiko ya jumla ya kijiji yamewaletea njaa, na kwamba mambo yakiendelea vile, hata Waziri Mkuu mwenyewe hatakuwa na cha kula. Zhou hakumkamata mtu huyo, alimfanya rafiki. Tarehe 7 Mei alimpigia simu Mao kumweleza kwamba wakulima wanataka kurudi kupika majumbani mwao, na muda si mrefu majiko yale yakafungwa. Nchi ikageuza njia, wakulima wakarudishiwa vishamba vyao vidogo na soko, na malengo ya viwanda yakapunguzwa.

Wakati huo huo Warusi walikuwa wamekwisha kuondoka. Katika kiangazi cha 1960 wataalamu zaidi ya elfu moja waliitwa kwao kwa ghafla kwa sababu ya ugomvi wa vyama, wakaenda na michoro yao, wakaacha viwanda nusu vimejengwa. Wengi duniani walidhani China imekwisha. Lakini wale mafundi waliokuwa wamefundishwa kwa miaka kumi walikuwapo. Daraja la Mto Yangtze mjini Nanjing, lililoanza kujengwa mwaka 1960, lilikamilika mwaka 1968 kwa chuma cha Anshan baada ya Warusi kukataa kuleta chao. Kisima cha kwanza cha mafuta cha Daqing kilipatikana mwaka 1959, na kufikia mwisho wa 1963 Zhou aliweza kutangaza kwamba nchi inakaribia kujitosheleza kwa mafuta.

Msomaji wa visiwani ataanza kuuliza sisi tunaingia wapi. Tunaingia hapa. Kuanzia Desemba 1963 hadi Februari 1964 Zhou alizitembelea nchi kumi za Afrika. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalitokea akiwa safarini, na ziara aliyokusudia kuifanya Tanganyika iliahirishwa kwa sababu ya maasi ya wanajeshi mwezi huo. Akiwa Ghana alizitangaza kanuni nane za msaada wa China. Kwa ufupi, mkopo usiwe na riba au uwe na riba ndogo, usifungamane na masharti ya siasa, wataalamu wa China waishi kwa hali ile ile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, na wenyeji wafundishwe mpaka waimudu kazi wenyewe. Kanuni hii ya mwisho tutairudia.

Mwaka huo huo wa 1964 madaktari wa China wakaanza kutumwa Zanzibar, na tangu hapo wametoka katika jimbo la Jiangsu, nyumbani kwake Zhou. Wagonjwa wa Mnazi Mmoja na wa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, Pemba, wametibiwa na vizazi kadhaa vya madaktari hao. Uwanja wa Amaan na kiwanda cha sukari cha Mahonda ni kazi za ushirikiano huo. Nasi tulilipa kwa namna yetu, kwani tarehe 25 Oktoba 1971, China ilipopewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, balozi wetu pale alikuwa mwana wa visiwa, Salim Ahmed Salim, mmoja wa waliokipigania kiti hicho kwa bidii.

Bara, jina la Zhou limeandikwa kwa reli. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, na Zhou akaja Dar es Salaam Juni ya mwaka huo. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimeikataa reli ya kwenda Zambia kwa hoja kwamba hailipi. China, ambayo mwananchi wake alikuwa maskini kama Mtanzania, iliikubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, mkopo usio na riba ukawa yuan milioni 988, na ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970. Kilomita 1,860, madaraja zaidi ya 300, mahandaki zaidi ya 20 katika milima ya kati ya Mlimba na Makambako. Mwaka 1973 reli ilifika Tunduma, na mwaka 1975 ikafika Kapiri Mposhi. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi hiyo, na makaburi yao yako Gongo la Mboto.

Tuseme kweli kwamba miaka hiyo hiyo ilikuwa mibaya kwa Zhou nyumbani kwake. Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza 1966, yalifunga vyuo vikuu na kuwatia aibu wahandisi hadharani. Zhou aliwaokoa baadhi ya watu, akatia saini kukamatwa kwa wengine. Mdogo wake alifungwa, na binti aliyemlea, Sun Weishi, alifia kizuizini mwaka 1968. Wapo Wachina wanaosema bila yeye nchi ingalisambaratika, na wapo wanaosema bila yeye mambo yale yasingaliweza kudumu miaka kumi. Mwandishi huyu anaona kauli zote mbili zina ukweli.

Hata katika vurugu hiyo mambo mawili yaliendelea ambayo wachumi wa mijini huyasahau. Mikoa na wilaya zilijengewa viwanda vidogo vya saruji, mbolea, pampu na zana za kilimo, karibu na wakulima wenyewe. Viwanda hivyo vilikuwa ghali na bidhaa zake duni, lakini viliwafundisha vijana wa vijijini kushika spana, na katika miaka ya 1980 vijiji vile vile ndivyo vilivyofumuka kwa viwanda. La pili ni afya na kisomo. Umri wa kuishi, uliokuwa kama miaka 35 mwaka 1949, ulifika karibu miaka 68 mwaka 1981, na hesabu ya watu ya 1982 ilionyesha kwamba theluthi mbili ya watu wazima wanajua kusoma. Mwekezaji alipofika na kiwanda chake hakulazimika kuanza na herufi.

Mei 1972 Zhou aligunduliwa kuwa na saratani. Mwaka huo alikuwa amekwisha kumpokea Rais Nixon wa Marekani, na mlango huo ulipofunguka aliutumia mara moja kununua viwanda. Mpango wa 1973 ulikuwa wa dola bilioni 4.3, na ndani yake mlikuwa na viwanda 13 vikubwa vya mbolea ya chumvichumvi, vingine kutoka Marekani kwenyewe. China haikununua mbolea ya misimu mitatu, ilinunua viwanda vya kuitengeneza, kisha ikavichunguza ijenge vyake. Sisi tulikuwa na kiwanda kimoja cha mbolea, Tanga, na kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 hatukujenga kingine kwa miaka mingi. Mkulima wa Kamsamba anaijua gharama ya jambo hilo kila anaponunua mfuko.

Mwaka huo wa 1973 Deng Xiaoping alirudishwa serikalini kutoka uhamishoni, na Zhou akamkabidhi kazi polepole. Januari 1975, akiwa ametoka kitandani hospitalini, alisimama mbele ya Bunge la Umma la nchi yake akaeleza lengo la kuvifanya vya kisasa kilimo, viwanda, ulinzi na sayansi kabla ya karne kwisha. Lengo hilo alikuwa amekwisha kulitaja tangu miaka ya 1960. Alifariki tarehe 8 Januari 1976. Kwa wasia wake hakujengewa kaburi, na majivu yake yalimwagwa kutoka angani juu ya ardhi na maji ya nchi yake. Aprili iliyofuata maelfu na maelfu ya watu walijaza maua katika uwanja wa Tiananmen kumwombolezea, wakatawanywa kwa nguvu, na Deng akaondolewa tena. Lakini Mao naye alifariki Septemba, na Desemba 1978 Deng aliyekwisha kurudi akaanza kuitekeleza ramani ya Zhou, huku akiongeza yale ambayo Zhou hakuthubutu: shamba chini ya mkataba wa kaya, mitaji ya nje, na maeneo maalumu kama Shenzhen kuanzia 1980. Mwaka huo wa 1978 China ilifua tani zipatazo milioni 32 za chuma cha pua, mara mia mbili ya mwaka 1949. Mageuzi yalipanda juu ya msingi huo.

Reli yetu ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976, miezi sita baada ya kifo chake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba shehena ya zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa imeshuka chini ya tani laki moja. Sababu ni nyingi, zikiwamo bandari za kusini kufunguka baada ya ubaguzi wa rangi kwisha, lakini vichwa vya treni vilivyosimama kwa kukosa vipuri havikusimamishwa na Afrika Kusini. Ile kanuni ya kuwafundisha wenyeji mpaka waimudu kazi tuliipokea nusu. Vijana wetu walikwenda China kusomea reli, wakarudi mahodari, lakini karakana za kufua vipuri hatukuzikuza, na mafundi walipostaafu hatukuwaweka wengine wa kutosha chini yao. Septemba 2024, mjini Beijing, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping, yalitiwa saini makubaliano ya kuifufua. Maofisa watakaosimamia kazi hiyo wanajua mikataba ya namna hii huwa na kurasa za mafunzo, na kwamba kurasa hizo ndizo zinazosomwa mwisho.

Hapa Kamsamba mavuno yakikaribia, malori hupanga foleni kusubiri mpunga. Hupanda nao kwenda Mlowo kwenye barabara kuu, na kutoka hapo mchele huenda Mbeya na Dar es Salaam kwa gurudumu la mpira, katika nchi ambayo reli imekwisha kupita.